NANI KASEMA? Vikaragosi, Visa vya Kale na Wajibu wa Mwanafunzi Kuuliza Sanadi



 

Ndugu wasomaji, makala hii naianza kwa kukiri kosa. Wakati wa kujiandaa kwa sherehe ya mwaka ya madrasa, wanafunzi wa darasa la juu waliomba ruhusa ya kuonyesha kisa cha Sungura na Simba kutoka katika kitabu cha Kalila wa Dimna. Walitaka kukata maumbo ya wanyama kwa maboksi, watundike shuka jeupe, waweke taa nyuma yake, na watazamaji waone vivuli vikitembea na kusema. Habari ilipofika majumbani, baadhi ya wazee walikuja kuuliza: "Ustadh, hayo si masanamu? Mmeyatoa wapi?"

Nami, kwa kutaka kuwatetea vijana, nikasimama nikasema kwa sauti ya kujiamini: "Wazee wangu, msihofu. Mchezo huu ni wetu. Waislamu ndio waliouanzisha. Walii mmoja wa Java, Sunan Kalijaga, ndiye aliyeutunga ili awavute watu kwenye dini." Wazee wakanyamaza. Wanafunzi wakafurahi, na maneno yangu wakayaandika katika risala ya kufungulia sherehe.

Kesho yake, darasani, tulikuwa tunasoma habari za wapokezi wa hadithi. Binti mmoja, mdogo kuliko wenzake, akanyoosha mkono. "Ustadh, yale ya jana kuhusu Sunan Kalijaga, nani kasema?" Nikajibu kuwa nimesoma. "Umesoma wapi? Na aliyeandika alipata kwa nani?" Darasa likatulia. Sikuwa na jibu. Kosa lilikuwa langu, na risala ilikuwa imekwishaandikwa, ikingoja kusomwa mbele ya watu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta, na rai niliyoifikia ndiyo hii: mwanafunzi wa madrasa anao wajibu wa kuichunguza historia ya michezo na visa kwa uangalifu ule ule anaofundishwa katika kupokea habari za dini. Mwenyezi Mungu (S.W.) ametuamuru katika Surat Al-Hujurat, aya ya 6, tuihakiki habari tunayoletewa kabla ya kuifanyia kazi. Habari nzuri inayotusifu nayo ni habari. Tena ndiyo inayohitaji kuhakikiwa zaidi, kwa sababu nyoyo zetu zinaitamani iwe kweli.

NENO LENYEWE NI SHAHIDI

Tuanze na neno tulilonalo kinywani. Mtoto akicheza na sanamu ya matambara au ya mti tunaiita karagosi au kikaragosi. Mtu mzima anayechezeshwa na wengine, asiye na rai yake mwenyewe, naye huitwa kikaragosi. Ni tusi, na nimelisikia sana uwanjani wakati wa mapumziko.

Neno hili si la asili ya hapa. Limesafiri. Huko Uturuki kuna mchezo wa vivuli ambao mhusika wake mkuu anaitwa Karagöz, maana yake "jicho jeusi." Ni mtu wa kawaida, asiyesoma, mwenye ulimi mkali, na siku zote hubishana na jirani yake msomi, Hacivat. Maumbo yao hukatwa kwa ngozi ya ngamia, husuguliwa mpaka mwanga upenye, hupakwa rangi, na mchezeshaji huyasukuma kwa vijiti nyuma ya pazia lenye taa. Mtu mmoja hutoa sauti zote. Waarabu wa Misri walilichukua jina hilo wakaliita Aragoz, lakini wao wakalitumia kwa kikaragosi cha kuvaa mkononi. Kwetu likawa karagosi.

Tazama basi, mwanafunzi mpenzi, neno moja la matusi ya uwanjani limebeba safari ya bahari na nchi kavu. Lakini angalia pia mpaka wa ushahidi wake. Neno linatuambia kwamba jina limefika. Halituambii kwamba mchezo wenyewe ulifika pamoja nalo. Wapo watu wengi wanaosema "pasha" na hawajapata kumwona pasha hata mmoja. Huu ndio uangalifu ninaouhimiza: chukua kile tu ambacho shahidi amekisema, usimwongezee maneno.

KISA CHA MSIKITI WA BURSA

Kuhusu asili ya Karagöz, Waturuki wana kisa maarufu. Inasemwa kwamba zama za Sultani Orhan, katika karne ya 14, ulikuwa ukijengwa msikiti katika mji wa Bursa. Karagöz na Hacivat walikuwa mafundi hapo. Mizaha yao iliwafurahisha wenzao mno hata kazi ikasimama, na Sultani kwa hasira akaamuru wauawe. Baadaye akajuta sana. Ndipo sheikh mmoja aitwaye Küşteri akatundika kitambaa, akakata maumbo ya wale wawili, akayachezesha ili kumliwaza.

Kisa kizuri. Sasa tuulize: nani kasema? Hakuna aliyekuwepo Bursa aliyekiandika. Kimeandikwa karne nyingi baadaye, na katika karne ya 17 msafiri mashuhuri Evliya Çelebi alipowataja watu hao wawili alitoa habari nyingine kabisa. Kwa mizani ya darasani kwetu, mnyororo huu umekatika katikati.

Linganisha na habari nyingine. Mwaka 1517 Sultani Selim wa Uturuki aliiteka Misri, na mtawala wa mwisho wa Wamamluki, Tuman Bay, akanyongwa penye lango la Zuwayla mjini Cairo. Mwanahistoria Ibn Iyas, aliyekuwa akiishi Cairo wakati huo huo, ameandika kwamba Sultani Selim alionyeshwa mchezo wa vivuli uliosimulia kunyongwa huko, akapendezwa, akampa mchezeshaji zawadi na kusema angependa kwenda naye Istanbul ili mwanawe naye autazame.

Hapa tunaye mwandishi anayejulikana, mji unaojulikana na mwaka unaojulikana. Habari hii ina uzito. Lakini hata hapa tusiruke. Haithibitishi kwamba Waturuki walijifunza mchezo huo kwa Wamisri. Inathibitisha kwamba mwaka 1517 mchezo ulikuwepo Cairo na Sultani aliutazama. Basi. Anayetaka zaidi alete shahidi mwingine.

Na Misri mashahidi wapo. Aliishi Cairo tabibu wa macho aitwaye Muhammad Ibn Daniyal, aliyezaliwa Mosul, Iraq, takriban mwaka 1248, na kufariki takriban mwaka 1310. Aliandika tamthilia tatu za vivuli, na maandishi yake yapo mpaka leo. Mnaposikia watu wakisema Waislamu wa kale hawakuwa na tamthilia, jueni kwamba huyu alikuwepo. Nisiwafiche jambo: mna humo mizaha isiyofaa kusomwa na watoto. Mtafiti mwaminifu haivishi historia kanzu ambayo haikuivaa.

KOSA LANGU KUHUSU JAVA

Sasa nirudi kwa Sunan Kalijaga. Yeye ni mmoja wa mawalii tisa ambao watu wa Java huwataja katika kuenea kwa Uislamu kisiwani kwao katika karne ya 15 na 16. Mapokeo ya watu yanasema alilingania dini kwa kutumia wayang, yaani mchezo wa vikaragosi vya ngozi, na kwamba kiingilio cha kutazama kilikuwa kuitamka shahada. Ndiyo niliyoyasikia, nami nikaongeza neno langu kwamba aliutunga.

Ukweli ni kwamba wayang ni ya zamani kuliko yeye kwa karne nyingi. Yapo maandishi ya mwaka 907 ya zama za mfalme Balitung wa Java yanayotaja onyesho la wayang. Na katika karne ya 11 mshairi Mpu Kanwa, katika utungo wake uitwao Arjunawiwaha, anawataja watazamaji wanaolia machozi mbele ya vikaragosi hali wakijua ni ngozi iliyochongwa tu. Wakati huo Java ilikuwa ikifuata dini za Kihindu na Kibudha, na visa vilivyochezwa vilikuwa vya Mahabharata na Ramayana, vitabu vikuu vya Bara Hindi.

Kwa hiyo nilisema uongo mbele ya wazee. Sikuukusudia, lakini ulikuwa uongo. Na ungalisomwa kwenye risala, watoto wangeuchukua nyumbani, na kutoka nyumbani ungekwenda mbali.

Je, ukweli umetupunguzia heshima? Hata kidogo. Ukweli ni kwamba Waislamu wa Java walikuta sanaa yenye nguvu nchini mwao na wakaiingizia visa vyao. Kisa cha Amir Hamza, kilichosimuliwa kwanza Uajemi, kilipita kwa Wamalay, kikafika Java kwa jina la Menak, na mpaka leo kinachezwa kwa vikaragosi vya mti. Nayo ni habari ya kweli, na nzuri kuliko ile niliyoibuni.

KISA SI SIRA

Hapa ndipo penye jambo kubwa zaidi kwa mwanafunzi wa madrasa. Hamza wa vikaragosi hupigana na majitu na mazimwi, huenda mpaka mlima Qaf, huoa mabinti wa wafalme. Sayyidna Hamza bin Abdul-Muttalib (R.A.), ami yake Mtume (S.A.W.), ni mtu wa historia aliyekufa shahidi katika vita vya Uhud mwaka wa 3 wa Hijra. Wa kwanza ni kisa, wa pili ni sira. Anayewachanganya amemdhulumu shahidi wa Uhud.

Wala tusidhani jambo hili ni la watu wa mbali. Sisi wa Afrika Mashariki tunao Utenzi wa Tambuka, ulioandikwa Pate na Bwana Mwengo mwaka 1728, moja ya tungo kongwe za Kiswahili tulizonazo. Katika utenzi huo majeshi ya Waislamu na ya Herakali wa Rumi yanapambana kwa vita vikali. Lakini fungua vitabu vya sira: katika safari ya Tabuk ya mwaka wa 9 wa Hijra, Mtume (S.A.W.) alifika na jeshi lake, akakaa siku kadhaa, akarudi bila ya kupigana na Warumi.

Je, tuutupe utenzi? La. Umehifadhi lugha yetu, na umewapa moyo wazee wetu usiku mwingi. Tuusome kama utenzi. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza "nani kasema" anaweza kuupenda utenzi na kuiheshimu sira, kila kimoja mahali pake. Asiyezoea kuuliza atakuja siku moja asome kitabu cha mpinzani kinachosema vita vya Tabuk havikutokea, na imani yake itikisike kwa jambo ambalo dini haikupata kulidai.

SWALI LA WAZEE

Sasa nirudi kwa swali la wazee, maana lilikuwa la haki, na nililijibu kwa historia ya kubuni badala ya elimu. Waliuliza kama hayo si masanamu.

Hadithi zinazowaonya watengenezaji wa sura zenye roho ni sahihi na ni kali. Pia imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Bibi Aisha (R.A.) alikuwa akicheza na wanasesere pamoja na rafiki zake nyumbani kwa Mtume (S.A.W.), naye hakumkataza. Katika Sunan Abi Daud imo habari ya mwanasesere wa farasi mwenye mbawa, ambaye jibu la Bibi Aisha juu yake lilimfanya Mtume (S.A.W.) acheke. Kutokana na hadithi hizi wanazuoni wametofautiana: wapo walioruhusu vya kuchezea watoto na kufundishia, na wapo waliobana zaidi.

Historia nayo inaonyesha tofauti hiyo. Imepokewa katika vitabu vya adabu kwamba Sultani Salahuddin alimwalika waziri wake, Al-Qadi al-Fadil, kutazama mchezo wa vivuli, na yule waziri mchamungu akasema ameona humo mazingatio makubwa ya dola zinazokuja na kuondoka. Sheikh Muhyiddin Ibn Arabi, aliyefariki mwaka 1240, aliufanya mchezo wa pazia kuwa mfano wa kumfahamisha mtu kwamba nyuma ya yote yanayotembea duniani yuko Mwendeshaji mmoja tu. Na mwaka 1451, katika Cairo hiyo hiyo, Sultani Jaqmaq aliamuru vikaragosi vya vivuli vichomwe moto. Wote hao ni Waislamu.

Rai yangu ni kwamba kuichunguza historia ya jambo si kulitolea fatwa. Kuchunguza ni kazi ya mwanafunzi. Kuhukumu ni kazi ya mwanachuoni. Kwa maoni yangu vivuli vya maboksi vya kufundishia watoto havina ubaya, lakini mimi si mufti. Kamati ya madrasa ilipoamua kwamba mwaka huu kisa kisomwe kwa sauti bila ya maumbo, mpaka masheikh wetu waulizwe, niliona wamefanya la busara. Vijana walinuna siku mbili, kisha wakasoma vizuri. Risala tuliifuta tukaiandika upya.

MNYORORO UNAOANZIA ZIWANI

Nimesema mengi ya Cairo na Java. Huenda mzazi akauliza: sisi wa Mbinga na pwani ya Ziwa Nyasa yanatuhusu nini?

Tuliangalie tena kitabu walichokichagua vijana. Kalila wa Dimna chenyewe kina sanadi ya kustaajabisha. Visa vyake vingi vimetoka Bara Hindi, katika kitabu cha Panchatantra. Katika karne ya 6 tabibu Burzoy, wa zama za mfalme Anushirwan wa Uajemi, alivitia katika Kipahlavi. Katika karne ya 8 Abdullah Ibn al-Muqaffa akavitia katika Kiarabu, na kutoka Kiarabu vikaenea dunia nzima. Kimojawapo ni cha sungura mdogo anayempeleka simba kisimani, akamwonyesha sura yake majini, na simba akadhani ni adui, akarukia ndani akafa.

Tulipokuwa tunakisoma, kijana mmoja kutoka upande wa Mbamba Bay akacheka. "Ustadh, hiki bibi yangu anakisimulia kwa Kinyasa, na hajui kusoma." Nikamwambia, likizo ukienda nyumbani muulize amekipata kwa nani. Akarudi na jibu: bibi alikipata kwa mama yake, na mama yake alikipata kwa mzee mmoja wa Kiyao.

Mnaona? Mnyororo wa watu watatu, na wa mwisho ni Myao. Wayao walikuwa wasafiri wakubwa wa njia ya misafara iliyounganisha Kilwa na Ziwa Nyasa katika karne ya 19. Kwa njia hiyo zilipita pembe za ndovu na nguo, na kwa njia hiyo hiyo Uislamu ulifika pande nyingi za ziwa, hadi ng'ambo kule Nkhotakota, Malawi. Tusikwepe kusema pia kwamba kwa njia hiyo walipitishwa watumwa, wamefungwa minyororo, na wengi wao walikuwa mababu wa watu wa hapa. Mtafiti anayetaja visa na kuficha minyororo hana uaminifu.

Basi kisa cha bibi kimetoka Bara Hindi kwa njia ya Kiarabu, Kilwa na Wayao? Mate yalinitoka nilipotaka kusema ndiyo! Lakini nilikwishaonywa mara moja na binti wa darasani. Visa vya sungura mjanja vimejaa Afrika nzima, na watu wawili mbali mbali wanaweza kubuni ujanja unaofanana. Java wana kisa cha kanchil, paa mdogo mjanja ambaye ni kama sungura wetu, na mwaka 1980 fundi Ledjar Subroto wa Yogyakarta alianza kuchonga vikaragosi maalumu vya visa vyake kwa ajili ya watoto. Kufanana peke yake si sanadi. Tulichoandika katika daftari ni hiki: bibi, kutoka kwa mama yake, kutoka kwa mzee wa Kiyao. Mnyororo ulipoishia na sisi tukaishia.

KWA NINI HARAKA

Mambo haya yana wakati wake. Mwaka 2018 shirika la UNESCO liliuweka mchezo wa Aragoz wa Misri, pamoja na mchezo wa vivuli wa Syria, katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka, kwa sababu wachezeshaji waliobaki ni wachache mno. Mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa Mjerumani, Paul Kahle, aliyewaendea wachezeshaji wa Misri akakusanya maumbo yao ya kale ya ngozi na maandishi ya michezo yao. Tumshukuru kwa kuhifadhi. Lakini tujiulize kwa nini hawakutangulia wanafunzi wa pale pale.

Kwetu hali ni ile ile. Wazee wanaojua visa vya Kimatengo, Kinyasa, Kimanda na Kimpoto wanapungua kila mwaka. Jioni siku hizi ni za simu na video. Wazee wanaoweza kueleza ngoma ya mganda ya pwani ya ziwa, inayochezwa kwa mistari kama gwaride na kupigwa kwa vibuyu vinavyolia mfano wa tarumbeta, nao wanapungua, na ngoma hiyo imebeba kumbukumbu ya namna babu zetu walivyowatazama askari wa kikoloni. Sisemi kila lililomo katika ngoma linafaa kwa Muislamu. Nasema kulijua ni bora kuliko kutolijua.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi, wa Mbinga mjini na wa vijiji vya wilaya ya Nyasa iliyozaliwa kutokana na Mbinga mwaka 2012, wafanye yafuatayo kila likizo:

1. Chukua daftari moja, umwendee mzee mmoja. Msalimie, kaa chini, mwombe ruhusa kabla ya kuandika. Akikataa, mshukuru uondoke kwa adabu.

2. Andika kisa kama alivyokisema, kwa lugha aliyokisemea. Usikinyooshe, wala usikitie mafunzo ambayo hakuyatia.

3. Muulize: ulikisikia kwa nani, wapi, ukiwa na umri gani? Andika majibu yote, hata kama ni "nimesahau."

4. Mtafute mzee wa pili, ikiwezekana wa kijiji kingine au wa dini nyingine. Majirani zetu Wakristo ndio wengi huku, na bibi zao na bibi zetu wamesimulia kwenye moto mmoja. Linganisha.

5. Tenga kurasa mbili: moja ya yale uliyoambiwa, nyingine ya yale unayoyadhani wewe. Usizichanganye kamwe.

Na nyinyi wazazi, nawaomba jambo moja. Mtoto akiwauliza "nani kasema?" msimwone mkaidi. Akiuliza kwa adabu, anatumia elimu mliyomlipia ada. Mimi niliulizwa mbele ya darasa zima, nikaona haya. Leo namshukuru binti yule, maana amenizuia kuisimamisha dini ya kweli juu ya habari ya uongo. Dini haihitaji msaada wa namna hiyo.

Namwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) anisamehe niliyoyasema bila ya elimu, awape wazee wetu umri na afya, na awajaalie vijana wetu kuwa wakweli katika kupokea na katika kufikisha. Amin.